Moshi Uliokosa Njia

Nikitoka shule sipiti nyumbani. Naenda moja kwa moja karakana kwa mama, natundika mkoba wangu kwenye msumari nyuma ya mlango, navaa koti la bluu lililonizidi mikono, kisha nasema, "Shikamoo, mama." Mara nyingi jibu linatoka chini ya gari.

"Marahaba. Chai ipo kwenye chupa. Ukimaliza njoo, kuna bomba linakusubiri."

Mama yangu ni fundi wa ekzosi, yaani yale mabomba yanayotoa moshi wa gari kutoka kwenye injini hadi nyuma kabisa. Hagusi breki, hagusi taa, na ukimletea redio ya gari atakufukuza. Lakini kwa mabomba, wee! Watu wanamfuata kutoka mbali. Analijaza bomba mchanga mkavu, anaushindilia, anaziba huku na huku, halafu anapachoma moto pale anapotaka kona na kulikunja taratibu. Mchanga unalizuia bomba lisibonyee. Akimaliza anaumwaga, na hapo ndipo zamu yangu inapofika.

Zamu yangu ni ya matufe. Tunayo matatu, ya mbao, kila moja lina kamba yake: dogo, la kati na kubwa. Napitisha kamba ndani ya bomba, kisha navuta tufe kutoka mwanzo hadi mwisho. Likipita, bomba ni zima. Likikwama, kuna mahali pamebana, na bomba hilo halifungwi kwenye gari la mtu. Mama aliweka sheria kwamba aliyekunja bomba halikagui mwenyewe, kwa sababu macho yake yataona kile anachotaka kuona. Kwa hiyo yeye anakunja, mimi navuta, naye ananiuliza neno moja tu: "Limepita?"

Ndiyo maana mjomba wangu ananiita Mkaguzi. Nililipenda jina hilo kuliko jina langu mwenyewe.

Mjomba ni mdogo wake mama. Alikuwa ameendesha magari ya watu miaka mingi hadi akachoka. Akanunua pikapu kuukuu ya dizeli, akaanza kujenga banda la kuku ng'ambo ya kilima, mwenyewe, kila alipopata nafasi, mwaka mzima. Sasa banda lilikuwa tayari. Ijumaa ile alikuja karakana akitabasamu hadi gego la mwisho likaonekana.

"Dada, kesho nachukua vifaranga wangu. Mia sita! Lakini bomba la gari limeoza, moshi unatokea ubavuni. Nifanyie leo, tafadhali. Vifaranga wanaanguliwa usiku wa leo, hawawezi kunisubiri."

"Ukioza wewe ndipo utakuja mapema," mama alimtania. "Haya, liingize."

Mjomba akanigeukia. "Na wewe Mkaguzi, likikamilika leo, kesho nakuchukua. Utawabeba vifaranga kwa mikono yako."

Jamani, nilikuwa sijawahi kukivuka kile kilima. Nilikuwa nakiona tu kutoka dirisha la darasa. Niliruka kama nimekanyaga kaa la moto.

Mama alilala chini ya gari, akatazama, akatoka akijifuta mikono. "Hili lina turbo," alisema. "Unajua turbo ni nini?"

"Ni ile inayofanya gari likimbie."

"Ndivyo wanavyosema vijana wa kijiweni. Sikiliza. Ni feni mbili ndogo zilizounganishwa na chuma kimoja. Moshi unaotoka kwenye injini unaizungusha ya kwanza, na ya pili inasukuma hewa kuingia ndani ya injini. Sasa huo moshi ukishamaliza kazi yake, uondoke upesi. Ukikuta bomba jembamba unarundikana, feni inachoka, injini inakosa pumzi na inachemka. Jaribu kupanda ngazi huku umeziba pua na mdomo, uone."

"Basi tuweke bomba pana kama ndoo!"

"Halafu ligonge chini kwenye kila shimo na kelele zake ziwaamshe watoto wa watu? Hapana. Si kubwa kupita kiasi, ni la kutosha. Kwa injini hii, inchi mbili na nusu. Na tunapima ndani, mwanangu, si nje. Moshi haupiti nje ya bomba. Chagua lile ambalo tufe kubwa linapita."

Nilikwenda kwenye rafu. Mabomba mapana ya chuma chembamba, yale tunayoyatumia kwa magari ya turbo, yalikuwa yamekwisha. Lilibaki moja lililofanana nayo. Nikaliwekea futi kwa nje: karibu inchi mbili na nusu. Moyo ukafurahi. Nikachukua tufe kubwa, nikaliweka mdomoni mwa bomba. Halikuingia hata nusu. Chuma cha bomba lile kilikuwa kinene mno, na ndani hazikufika inchi mbili. Tufe la kati ndilo lililoingia.

Nilijua la kufanya. Nilitakiwa kusema, "Mama, mabomba yamekwisha." Mama angemwambia mjomba atafute gari lingine la kuwabebea vifaranga, na gari lingine lisingekuwa na nafasi yangu. Duka la mabomba lilikuwa limeshafungwa. Nikasimama pale na tufe mkononi, na kiherehere changu kikanishinda nguvu. Nikajiambia tofauti yenyewe ni kidogo tu, nani ataijua?

Mama alipolinyanyua alisita. "Mbona zito hivi?"

"Ndilo lililobaki, mama. Chuma chake kinene." Hilo lilikuwa kweli, na nililisema kwa sauti kubwa.

Alilijaza mchanga, akalichoma, akalikunja kona tatu. Nilipovuta tufe la kati, kwenye kona ya pili lilikwaruza, nikalazimika kuegemeza mguu na kuvuta kwa mikono miwili. Mama alikuwa amenipa mgongo, anatayarisha mashine ya kuchomelea.

"Limepita?"

"Limepita."

"Kubwa?"

"Kubwa," nikasema.

Hakugeuka hata kunitazama. Alivaa kofia yake ya kuchomelea na kuendelea na kazi.

Asubuhi tulifika kituo cha kutotolesha vifaranga. Mjomba alipakia maboksi sita yenye matundu, kila boksi vifaranga mia, na nyuma yake magunia kumi na mawili ya chakula. Kelele zao! Piyo piyo piyo, utafikiri wanamdai mtu. Nilimshika mmoja, mwepesi, wa moto, macho meusi kama mbegu za papai. Barabara ilikuwa tambarare na gari lilikwenda vizuri, ingawa mjomba aliguna mara moja kwamba linavuta kama lina usingizi.

"Kwa nini hatuwapi maji?" nilimuuliza.

"Hawana shida ya chakula wala maji leo. Kiini cha yai bado kinawalisha tumboni. Shida yao ni hewa. Gari likitembea wanapata upepo. Likisimama juani, yale maboksi yanageuka jiko." Akapiga usukani kwa kiganja. "Kwa hiyo hatusimami, Mkaguzi. Kabla ya saa sita tuko bandani."

Tulianza kupanda kilima saa nne na nusu. Kona ya kwanza, mjomba akarudisha gia. Kona ya pili, akarudisha tena. Nyuma yetu moshi mweusi ulijaa barabara. Mshale wa joto ulianza kupanda, na mjomba aliacha kupiga hadithi. Katikati ya kilima, palipo na mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, gari lilitetemeka, likakohoa, likasimama. Mjomba akavuta breki ya mkono na kunituma niweke mawe nyuma ya magurudumu. Kugeuza hapakuwa na nafasi. Kivuli hapakuwa nacho hata cha kumfunika paka.

"Tulia," alisema mjomba, nadhani alikuwa anajiambia mwenyewe. "Injini ikipoa, tunaondoka."

Ilipopoa tukajaribu. Hatua ishirini, ikachemka tena. Tukashusha magunia sita, tukayaacha pembeni. Hatua thelathini, ikachemka. Mjomba akachukua simu na kuiweka sauti ya juu ili mikono yake ifungue boneti.

"Dada, gari limekata pumzi kilimani. Moshi mweusi, joto juu. Isije ikawa bomba?"

Sasa, nilijiambia, sasa mama atajua.

"Si bomba," sauti ya mama ilisema, bila wasiwasi kabisa. "Bomba limekaguliwa. Tufe kubwa limepita, mtoto amelivuta mwenyewe. Liondoe bomba kwenye mawazo yako, usipoteze muda. Fungua kichungi cha hewa. Kama si hicho, angalia mipira ya kupitishia hewa ya turbo, halafu kichungi cha mafuta."

"Sawa, dada. Nakuamini."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye simu ile. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Mjomba alikata simu na kuanza kufungua kichungi cha hewa.

Nikapanda nyuma ya gari. Niliinua turubai, nikafungua vifuniko vya maboksi na kuanza kupepea kwa kipande cha kadibodi. Nikipepea boksi hili, lile linakaa bila upepo. Nikihamia lile, hili linabaki. Vifaranga walikuwa wametanua mbawa zao ndogo na kuachama midomo. Kichungi cha hewa kilikuwa safi. Mjomba akaanza kukagua mipira ya turbo, mmoja baada ya mwingine, akiminya na kusikiliza. Yote ilikuwa mizima.

Dereva wa lori alipunguza mwendo, akachungulia. "Hiyo turbo imekufa, bwana! Tafuta wa kukukokota." Kisha akaenda zake.

"Imekufa," mjomba alirudia polepole. Alikaa juu ya jiwe, mikono yake imejaa masizi, akatazama kilele cha kilima. Sikuwahi kumwona mjomba akikosa utani. Kisha akainuka na kuanza kufungua kichungi cha mafuta, kwa sababu mama alimwambia hivyo.

Asubuhi kelele za vifaranga zilikuwa zimeniumiza masikio. Sasa zilikuwa zinapungua. Kwenye boksi la katikati zilikuwa karibu zimekwisha, na mimi nilipepea boksi lile hadi bega likauma. Nilimwaga maji ya chupa yangu kidogo kidogo kwenye midomo yao. Nilitaka kusema. Ningemwambia nini? Kwamba anafungua ambacho hakijaharibika? Kwamba saa nzima hii nimemtazama akihangaika na mimi najua? Kila dakika niliyonyamaza iliifanya dakika inayofuata kuwa ngumu zaidi. Nililia, lakini machozi hayapozi mtu wala kuku.

Nilimchukua kifaranga mmoja nikamweka kiganjani karibu na mdomo wangu, nikampulizia. Alinitazama. Alivuta pumzi mara tatu, nne, miguu yake ikanyooka. Nikaendelea kumpulizia muda mrefu tu baada ya hapo.

Nikashuka garini.

"Mjomba, ni bomba."

Hakuinua kichwa. "Mama yako amesema si bomba."

"Mama hajui. Tufe kubwa halikupita. Nilivuta la kati nikamwambia ni kubwa. Ndani ni jembamba, mjomba. Nilitaka safari."

Aliinua uso. Nilingoja kofi, nilingoja matusi, ningeyapokea yote. Akanitazama tu, halafu akatazama maboksi, halafu akatazama kichungi cha mafuta alichokifungua bure.

"Tangu jana ulijua?"

"Ndiyo."

"Lete spana namba kumi na nne," alisema. "Na gunia tupu, ulilowanishe."

Alilala chini ya gari lililokuwa bado la moto. Nyuma tu ya turbo kuna kiungo ambapo bomba la mama linaungana na injini, kina nati tatu. Nilimsikia akigumia kila mkono wake ulipogusa chuma. Nati ya kwanza ikatoka. Ya pili. Ya tatu iligoma, akaigonga kwa spana, ikatoka. Kisha akachomoa bomba kwenye mipira inayolining'iniza, likaanguka barabarani kwa kishindo. Tulilivutia pembeni kwa gunia. Kazi yote hiyo haikufika robo saa.

Alirudisha kichungi cha mafuta, akapampu hadi hewa ikatoka, akakunja turubai pande zote ili moshi usituame kwa vifaranga, akafungua madirisha yote, akawasha. Loo! Ule mlio! Kilima chote kilisikia. Lakini gari lilivuta. Liliondoka pale utafikiri si lile tulilokuwa tunalibembeleza tangu saa tano, na upepo ukaingia kwenye maboksi, nami nikawa nimegeuka nyuma muda wote, nikitazama kama kuna anayeinuka.

Bandani mjomba hakunipa kazi ya kubeba walio hai. Aliwashusha yeye mwenyewe, mmoja mmoja, akiwachovya midomo kwenye maji na kuwaweka penye ubaridi. Mimi nilipewa ndoo. Nilihesabu kwa sababu niliona ni lazima nihesabu. Walikuwa mia moja na sabini na tisa.

"Chukua," mjomba alisema jioni, akanipa simu. Mikono yake ilikuwa imefungwa vitambaa. "Mwambie mama yako mwenyewe."

Nilimwambia. "Nakuja kesho," mama alisema, akakata.

Alikuja Jumapili asubuhi na lori la mchanga, amebeba bomba jipya pana la chuma chembamba na mashine yake. Alikuwa amemfuata mwenye duka la mabomba nyumbani kwake, akamwamsha. Kabla hajashusha chochote alikwenda alipokuwa mjomba, akasimama mbele yake. Mama yangu ana sauti kubwa, lakini pale ilikuwa ndogo.

"Nisamehe, mdogo wangu. Uliniuliza kama ni bomba, nikakwambia si bomba."

"Hukujua, dada."

"Nilisema kama anayejua. Ungeanza kulifungua mara ile uliponiuliza, leo wangekuwa mia sita, au karibu." Akaishika ile mikono iliyofungwa vitambaa, akaigeuza, akaitazama.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Afadhali angenichapa mimi. Nilimtazama mama yangu akiomba msamaha kwa uongo wangu, na sikuwa na la kufanya.

Walifunga bomba jipya. Mjomba alikwenda nalo kilimani, akayachukua magunia yetu sita yaliyobaki barabarani, akarudi amejaza mzigo, mshale wa joto umetulia. Gari lilikuwa limepona. Mama alinikuta nimekaa nyuma ya banda.

"Nipe adhabu, mama," nilimwambia.

"Adhabu gani nikupe itakayomfufua kifaranga hata mmoja?" Alikaa chini karibu nami. "Sikiliza, mwanangu. Kuchagua bomba jembamba ni kosa, na kosa nalikata kwa msumeno, nalichomelea upya, linakwisha. Hata mimi nimeyafanya mengi. Lakini ulipotamka kwamba limepita, mimi nilikuamini, mjomba wako akaniamini mimi, na wote wawili tukaanza kutafuta mahali ambapo tatizo halipo. Uongo haukukaa kwako. Uliutoa mdomoni mwako ukauweka kwenye mdomo wangu, na mimi nikampelekea ndugu yangu."

Nilichimba vumbi kwa kidole cha mguu.

"Ungesema Ijumaa, ungekosa safari. Ungesema gari liliposimama, ungepata aibu kidogo. Kila ulipongoja, ukweli ulizidi kuwa na bei. Lakini uliusema, na ulipousema gari liliondoka. Hilo nalo ulikumbuke."

"Sasa nani atakagua mabomba?"

"Wewe."

Nilimtazama. Nilidhani sijasikia vizuri.

"Nani mwingine? Mimi siwezi kuona ndani ya bomba nililolikunja mwenyewe. Kesho nitakuuliza kama limepita, na nitageuka kuvaa kofia yangu kama kawaida, kwa sababu kazi haiwezi kwenda vinginevyo." Akajifuta mikono kwenye nguo yake. "Ila kesho, mwanangu, nitakuwa naogopa jibu lako. Na siku ya kuacha kuogopa sitaichagua mimi, wala huwezi kuniomba. Itakuja ikitaka."

Aliinuka, akajipangusa vumbi, akaenda kumsaidia mjomba kuwawekea maji vifaranga waliobaki. Nilikaa pale kidogo, kisha nikaenda nao.